Mume Wangu Alisamehe Damu ya Mwanetu Bila Kujua Ni ya Nani

Dele la kahawa liliruka hewani… likatua katikati ya wageni!

Kahawa ya moto ikawamwagikia wazee kwenye kanzu zao. Watu wakasimama. Finjani zikavunjika.

Aliyelipiga teke lile dele ni mwanangu wa kwanza, Nawaf.

"Baba hana akili!" alinguruma. "Hamuoni? Hajui hata leo ni siku gani! Neno lake si neno!"

Na mume wangu, Haji Dhiab, amekaa pale pale kwenye nafasi ya heshima, joho amelivaa ndani nje, anatabasamu. Akamwinamia jirani yake, akamuuliza kwa upole:

"Huyu kijana mkali hivi ni mtoto wa nani?"

Jamani… ni mtoto wako, Haji. Ni mtoto wako wa kumzaa!

Ngojeni nishushe pumzi, wajukuu zangu mlio kwenye simu. Mimi shule niliishia ya msingi, naandika kwa kidole kimoja, msinikimbize. Na hadithi siianzi bila kuwategea.

Kitendawili!

Haya, nimesikia mmesema tega.

Kazikwa mara moja, lakini anakufa kila asubuhi. Ni nani?

Fikirini. Mkishindwa mnipe mji. Ila msinipe Karak, maana Karak ninao, nimezaliwa huku na nitafia huku huku vilimani.

Sasa sikilizeni.

Nilikuwa na watoto watatu. Nawaf ndiye mkubwa. Wa pili binti, Wadha. Wa mwisho Satam, kitinda mimba wangu, mcheshi wa nyumba, yule wa kunibeba mgongoni jikoni huku nampiga na mwiko.

Wadha tulimwoza nyumba ya pili kutoka kwetu, kwa kijana anaitwa Mishal. Mama mkwe wake, Shama, tulikuwa tunaazimana chachu ya mkate tangu sote wawili ni maharusi. Na mdogo wake Mishal, Hazaa, alikuwa rafiki wa Satam wa kufa na kuzikana.

Nimesema wa kufa na kuzikana… Mungu anisamehe mdomo wangu.

Satam alipooa, watu walijaa mpaka juu ya mapaa. Vijana wakambeba mabegani, hina bado mbichi viganjani. Mnazijua harusi za kwetu, bastola zisipolia watu wanaona furaha haijatimia. Miaka yote tunasema tuache. Miaka yote tunapiga.

Zikalia.

Nikamwona Satam anateremka kutoka mabegani mwa watu. Nikadhani anashuka acheze.

Hakuwa anacheza.

Bibi harusi alirudishwa kwa baba yake na gauni lake jeupe. Hazaa akasimama mbele ya watu, bastola mkononi, uso kama jivu, akasema:

"Ni mimi. Nilipiga mimi. Mimi peke yangu."

Polisi wakamchukua. Risasi yenyewe ilimpenya Satam, ikatokea upande wa pili, ikapotelea mashambani, haijaonekana hata leo.

Na kwetu huku, damu ikimwagika, hata kwa bahati mbaya, nyumba ya aliyemwaga inahama siku hiyo hiyo. Wote. Wazee, wake, watoto. Shama aliondoka na sufuria ya unga ulioumuka, hakupata hata muda wa kuoka. Nilimwona kwa dirishani. Hatukuagana.

Wadha alikuwa na mimba, ya kwanza baada ya kuisubiri kwa machozi mengi. Akabaki kwangu akingoja wapatanishi waje waamue.

Nawaf akamwambia mbele yangu:

"Wakija nitawakatalia, kahawa yao haitanywewa. Utamfuata mumeo huko walikotupwa, na hapa usikanyage tena. Wala huyo utakayemzaa."

"Kaka, kosa langu ni lipi?" Wadha akamuuliza.

"Kosa lako ni jina la mumeo."

Nikasema, "Nawaf, muogope Mungu!"

"Mungu alikuwa wapi siku ya harusi, mama?"

Swali lile na mimi nilikuwa nalo. Nilikuwa nasali sala zangu zote, sikuacha hata moja, lakini nilisikia kama nabisha hodi kwenye nyumba ambayo watu wake wamehama.

Na kuna kitu niliona, nikakipuuza. Tangu msiba, Nawaf alikuwa hanywi maji ya kisima chetu. Yale maji ya mvua tuliyomlelea! Ananunua ya chupa dukani. Nikajiambia ni huzuni. Huzuni ina vituko vyake.

Sasa niwaambie kuhusu Haji.

Haji Dhiab wangu alikuwa bingwa wa kupatanisha. Nyumba ngapi zimelala salama kwa ulimi wake, hata yeye hakuwahi kujua. Lakini uzee ulipoingia ulianza na kumbukumbu. Akawa anasahau viatu, halafu majina, halafu mimi. Kilichobaki ni sala, tena sala ya adhuhuri anaweza kuisali mara tatu. Namwambia, "Haji, Mungu atakurudishia chenji!" Anacheka.

Siku tulipomzika Satam alilia kama watu wote. Kesho yake asubuhi akaamka, akaniuliza:

"Satam yuko wapi? Mbona haji kunywa chai?"

Nikamwambia. Akaanguka chini. Akalia upya, kama hajawahi kusikia.

Keshokutwa yake asubuhi:

"Satam yuko wapi?"

Nikamwambia tena. Akaanguka tena.

Mmekipata sasa kitendawili changu?

Nikaacha kumwambia. Nikawa namjibu, "Yuko shambani, Haji." Namwambia huku naangalia ukuta. Kumbe uongo nao unachosha mgongo, kama kuchota maji.

Basi siku ya wapatanishi ikafika. Mkubwa wao alikuwa Sheikh Ukla, mzee wa watu, na wenzake wamejaa sebule ya wanaume. Nawaf ndiye aliyetakiwa kuwajibu. Haji nikamficha chumba cha nyuma na tasbihi yake, nikamwambia apumzike.

Kahawa ikaanza kutwangwa. Ule mdundo wa kinu, kwetu, ni wito. Unasema kuna wageni.

Nikiwa jikoni na Wadha nikasikia mlango wa nyuma unafunguka.

"Mama!" Wadha akanishika. "Baba katoka!"

Tukakimbilia pazia linalotenga jiko na sebule. Tumechelewa! Haji ameshaingia sebuleni, joho ndani nje, na wageni wote wamesimama kwa heshima. Nani angemtoa? Nawaf alibaki mdomo wazi.

Haji akakaa. Finjani moja ikawekwa mbele ya Sheikh Ukla. Ukla hakuigusa. Ndiyo desturi, mgeni mwenye ombi hanywi mpaka mwenye nyumba amkubalie. Akikataliwa, anaondoka na kahawa imepoa mbele yake, na hiyo ndiyo aibu ya mwisho.

Ukla akasema, "Tumekuja kuomba msamaha wa damu ya kijana. Aliuawa na risasi ya furaha, harusini. Tunaomba na nyumba iliyohama irudi."

Haji akatikisa kichwa. Nikamwona macho yanang'aa… wajukuu zangu, alikuwa amerudi kazini! Alidhani ni kesi ya watu. Alidhani ameitwa kusuluhisha.

"Masikini," akasema. "Kijana wa watu. Na nani mwingine alipiga?"



"Haji, ni huyo mmoja," Ukla akajibu. "Mwenyewe amekiri."

"Ukla, mimi na wewe tumezeekea kazi hii. Harusini ilishawahi kulia bastola moja? Anayesema 'mimi peke yangu' ni mtu aliyebeba cha mwenziwe. Mtazameni vizuri kijana huyo."

Nawaf akasema kwa sauti ya kukatika, "Baba, inatosha."

"Usinikatize, kijana. Haya, mama wa marehemu ameulizwa?"

Wazee wakajifanya wanarekebisha kanzu zao.

"Hamkumuuliza!" Haji akapandisha sauti. "Kila siku nawaambia! Mnakaa wanaume na ndevu zenu mnagawana damu, na aliyeibeba tumboni yuko jikoni anawachemshia maji. Mwulizeni. Akisamehe yeye, mimi nami nimesamehe."

Sebule nzima ikageukia pazia.

Ikanigeukia mimi.

Mume wangu ananiangalia kwa huruma, kama mama wa watu asiyemjua. Wadha ameushika mkono wangu, kucha zake zimeingia kwenye nyama. Na Satam… Satam yuko kule kwenye udongo na hina yake.

Mtaniuliza nilisikia nini moyoni. Sikusikia kitu! Wanaosema msamaha unashuka kama mvua, mimi sikuiona hiyo mvua. Nilimkumbuka tu Shama na sufuria yake ya unga. Nikajisemea, ule unga ulichachukia njiani.

Nikafungua mdomo.

"Nimesamehe. Nyumba yao irudi."

"Mmesikia?" Haji akasema. "Mungu amrehemu mwanawe. Kunywa kahawa yako, Ukla."

Ukla akainua finjani, akanywa… na hapo ndipo dele liliporuka!

"Baba hana akili! Neno lake si neno!"

Ukla akapangusa kanzu yake taratibu.

"Mzee amesahau, Nawaf. Mama yako hajasahau. Na aliyesema ni mama yako."

Nawaf akatoka mbio.

Jioni ile jua halijazama nyumba ya Shama ikafunguliwa madirisha. Wadha akaenda kwa mumewe akilia, akicheka, hajui ashike lipi. Na mimi ningeishia hapa mngesema, bibi ana imani, bibi ana moyo wa dhahabu. Mngenitumia maua.

Msinitumie.

Nilimkuta Nawaf amekaa juu ya kifuniko cha kisima. Nikadhani anataka kujitupa.

"Shuka hapo mwanangu."

"Mama, unajua kwa nini sinywi maji haya?"

"Kwa nini?"

"Humu ndani kuna bastola yangu."



"Ulipiga na wewe?"

"Tulipiga wote wawili. Tulikuwa bega kwa bega. Sijui, mama! Wallahi sijui ni yake au ni yangu!"

"Na Hazaa…?"

"Aliniona. Akaninyang'anya, akakimbia kuitupa humu, akarudi. Akaniambia, 'Nenda kwa mama yako, Nawaf. Asizike mmoja na kufungiwa mwingine siku moja.' Halafu akasimama mbele ya watu akasema ni yeye peke yake."

Nikakaa chini, kwenye mawe.

Mtoto yule wa Shama nilikuwa nimemlaani kwenye sijda. Usiku na mchana! Kumbe siku ile, katikati ya damu, mtu mmoja tu ndiye aliyenionea huruma, na ndiye niliyekuwa namwombea mabaya.

"Na wewe ukataka wafukuzwe milele," nikasema. "Dada yako na tumbo lake."

"Nilikuwa siwezi kuwatazama, mama. Kila nikimwona Shama anapita… nilitaka wawe mbali tu."

"Baba alipouliza nani mwingine alipiga…"

"Nilidhani anajua. Nilidhani akili zimemrudi kwa ajili yangu."

Akanilalia mapajani, mwanaume mzima na mvi zake za kwanza. Akasema:

"Kule sebuleni ulisamehe, mama. Nisamehe na mimi."

Wajukuu zangu, niseme kweli? Neno nililolitoa mbele ya wanaume wote wale, kwa mtoto wa mwenzangu, kwa mtoto wangu halikutoka. Nilimpapasa kichwa tu. Mpaka leo nampapasa kichwa tu.

Nikamwambia, "Inuka. Nenda ukaseme."

Akaenda polisi kwa miguu yake. Bastola ikatolewa kisimani. Nilitarajia Hazaa aachiwe siku ile ile… wapi! Wakasema, risasi hakuna, na sasa wanaosema "ni mimi" wako wawili. Wakawashika wote.

Wote wawili wako ndani mpaka ninapoandika.

Shama alipopata habari hakunijia na matusi. Bora angenitukana. Alifunga tu dirisha linalotazama kwangu.

Nikasema lazima niende kwake. Wazee wakaja juu:

"Mama Nawaf, wanawake hawaendi kuomba msamaha wa damu! Wanaume wako wako wapi?"

Nikawajibu, "Wanaume wangu? Mmoja yuko kaburini, mmoja korokoroni, na mmoja hajui leo ni siku gani. Nimtume yupi?"



Basi nikamvalisha Haji joho lake, upande wa sawa, nikamshika mkono. Njiani akaniuliza:

"Leo kesi ya nani?"

"Ya watu fulani, Haji."

"Wana watoto?"

"Walikuwa nao."

Tukakaribishwa. Kwetu mgeni hafukuzwi, hata huyo mgeni awe mimi. Aliyetuletea kahawa ni Wadha, binti yangu mwenyewe, tumbo limetangulia, macho chini. Mbele ya mama mkwe wake hawezi kunitazama. Akaiweka finjani mbele yangu.

Sikuigusa.

"Shama," nikasema, "nimekuja kuomba. Mwanangu alimwacha mwanao abebe mzigo usio wake peke yake. Nawe ukahama kwa ajili yetu. Nisamehe."



"Hazaa alininyima na mimi ukweli," Shama akasema. "Alikuhurumia wewe, mkwe mwenzangu. Mimi mama yake hakunihurumia."

Mngesema nini nyie?

"Wazee wetu walikaa kwenu, mwanao akawamwagia kahawa," akasema. "Kaa na wewe."

Nikakaa. Kahawa ikapoa. Adhana ikaita, nikamshika Haji mkono tukaondoka.

Kesho yake nikarudi. Nikakaa, ikapoa, nikaondoka.

Ndiyo kazi yangu siku hizi. Asubuhi Haji ananiuliza Satam yuko wapi, namwambia shambani. Nawaf yuko wapi? Shambani. Anasema, "Hawa watoto wanapenda kazi, mashallah!" Halafu tunakwenda kwa Shama. Kila siku Haji anaanza upya, anatoa maneno yake mazuri kwa ajili ya watu asiowajua, na kahawa haigusi. Kamsahau mwanawe, lakini hajasahau kwamba mwenye ombi hanywi.

Funzo? Mnataka funzo, najua, hamtoki hapa bila funzo.

Acheni kupiga risasi za furaha. Hilo la kwanza, na kama mtabaki nalo hilo peke yake, sikuandika bure.

La pili, mkiona mtu amekubali kosa haraka mno, msifurahi kwamba mmepata wa kumchukia. Mchunguzeni. Huenda amekubebeeni kitu. Huruma nyingine huja imevaa sura ya adui, na nyie mko kwenye sijda mnaomba Mungu aiangamize.

Na la tatu ni la wenye imani wenzangu. Mimi nilidhani imani ni kutoa msamaha. Kutoa ni rahisi, unakaa nyuma ya pazia na watu wanakusifu. Mkaribie anayekudai haki ukiwa mikono mitupu, uwekewe kikombe, usikinywe, urudi kesho. Hapo ndipo utajua kama unamwamini Mungu au ulikuwa umemzoea tu.

Sasa niwaambie la jana, niwaache.

Jana tulikaa kama kawaida. Haji akamaliza maneno yake, akauliza swali lake lile lile:

"Mama wa kijana ameulizwa?"

Shama akainua uso. Nadhani ni kweli, tangu yote haya yaanze, hakuna aliyewahi kumuuliza. Nikangoja.



Akasimama, akaichukua finjani yangu iliyopoa, akaimwaga nje kwenye mchanga. Akamimina nyingine kwa mkono wake mwenyewe. Ya moto, mvuke unapanda. Akaiweka mbele yangu, akaingia ndani.

Hakuniambia ninywe.

Nilikaa nayo mpaka ikapoa. Nikarudi nyumbani na kiu yangu.

Kitendawili cha mwisho. Nimewekewa ya moto, sijaambiwa ninywe. Nimesamehewa, au sijasamehewa?

Mimi mtegaji nimekishindwa. Nawapa mji, wajukuu zangu. Chukueni Karak, na kisima chake.